SOMO LA UFUNDI: Supachaja au Tabo kwa Injini Kuukuu ya Silinda Nne?



Somo la safari hii linahusu jambo ambalo matajiri wa vyombo hulipenda na mabaharia hulilipia. Jambo lenyewe ni kuiongezea nguvu injini kuukuu ya silinda nne kwa kuisukumia hewa. Njia ziko mbili, supachaja na tabochaja, ambayo makanika wengi huiita tabo. Tutaeleza kila moja inavyofanya kazi, tutapiga hesabu, kisha tutaona ni nani anayebeba mzigo endapo uamuzi utakuwa mbaya. Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti tawini, maana wako wenzetu ambao mikono yao inaijua injini kuliko macho yao yanavyozijua herufi.

Mahali tunapofanyia kazi

Tuchukue mfano wa Vamizi. Ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kama kilomita 12, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kati ya Palma na Mocímboa da Praia. Bahari ya hapo si dimbwi. Mkondo mkubwa utokao mashariki katika Bahari ya Hindi hupiga pwani karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika, mkono mmoja ukienda kaskazini na mwingine kusini. Nje ya miamba bahari huzama ghafla. Wakati wa bamvua maji hukimbia kwa nguvu katika milango ya miamba, na wakati wa kusi upepo na wimbi humjaribu kila nahodha.

Mahali kama hapo injini ikizimika hakuna gereji ya jirani. Tena watu wa pwani hii wamekwisha kujua thamani ya chombo kinachowaka. Septemba 2020 wavamizi waliingia Vamizi wenyewe, wakachoma nyumba. Mwezi Oktoba mwaka huohuo maelfu ya watu waliokimbia vita walishukia ufuko wa Paquitequete, mjini Pemba, wakiwa ndani ya vyombo vya kila namna. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, bahari ikawa tena njia ya kuokoa roho. Kwa hiyo tunapoizungumza injini hatuzungumzi mbio peke yake. Tunazungumza kurudi nyumbani.

Injini hupata wapi nguvu?

Injini haipati nguvu kutoka kwa hewa, hupata kutoka kwa mafuta. Lakini mafuta hayaungui bila hewa. Injini isiyo na kisukuma hewa huvuta yenyewe, pistoni ikishuka, na haiwezi kuvuta zaidi ya nafasi iliyomo katika silinda.

Tuchukue injini inayojulikana sana na makanika wa matrekta na wa vyombo vya majini, Perkins 4.236, iliyoanza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1960. Jina lake ni somo tosha. 4 ni idadi ya silinda, 236 ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo, yaani lita 3.86. Kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili ya kranki. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, silinda zote hujazwa mara 1,200. Basi 1,200 mara 3.86 ni lita 4,632 za hewa kwa dakika, na kwa kweli hupungua kidogo, maana silinda haijai kabisa.

Tukitaka kuunguza mafuta zaidi bila kununua injini kubwa, yatubidi tuishindilie hewa ndani. Hiyo ndiyo kazi ya supachaja na ya tabo. Tofauti yao ni moja tu: nani anayeizungusha pampu ya hewa.

Supachaja

Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, mnyororo au gia kutoka kwenye kranki. Aina ya zamani sana ni ile ya ndugu wawili wa jamii ya Roots, wa Indiana, Marekani, walioipatia hataza mwaka 1860. Wakati huo haikuwa kitu cha magari. Ilikuwa ya kupulizia hewa tanuri.

Sifa yake kubwa ni kwamba inatii papo hapo. Kranki ikizunguka nayo inazunguka, hata kwa mwendo wa chini. Haina haja ya moshi wa moto, wala haihitaji mabomba ya ekzosi kubadilishwa. Mkanda ukikatika, injini nyingi za mipigo minne zitaendelea kuwaka kama zamani ikiwa hewa ina njia ya kupita, ila nguvu ya ziada itapotea.

Kasoro yake ni kwamba inakula kabla ya kulisha. Nguvu ya kuizungusha hutoka kwenye kranki ileile inayozungusha rafadha. Tena kwa injini kuukuu za dizeli ni shida kupata supachaja iliyotengenezwa kwa ajili yake. Fundi hulazimika kuchonga puli, vishikizo na mabomba mwenyewe.

Hapa tutoe tahadhari. Ziko injini za zamani za mipigo miwili, kama Detroit Diesel 4-71, ambazo zimetoka kiwandani na pampu ya Roots ubavuni. Pampu hiyo si pambo wala si nyongeza. Ndiyo inayoingiza hewa na kufukuza moshi, na bila hiyo injini haiwezi kwenda. Asidanganyike mtu akaiondoa ili "kupunguza mzigo".

Tabo

Tabo huzungushwa na moshi. Moshi wa ekzosi hutoka ukiwa na moto na kasi, na injini ya kawaida huutupa hewani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905 ya kuitumia nguvu hiyo: moshi uzungushe feni moja, na feni hiyo, kwa shafti moja, izungushe nyingine inayosukuma hewa kuingia. Hivyo tabo huokota kilichotupwa. Haikwapui kutoka kwenye kranki moja kwa moja, ingawa si bure kabisa, kwa kuwa moshi hukutana na kizuizi unapotoka.

Kasoro zake ni tatu. Kwanza, kwa mwendo wa chini moshi ni kidogo na tabo hulala, nayo huamka baada ya injini kubeba mzigo. Pili, ina joto kali. Upande wa moshi huweza kufika mamia ya nyuzi. Tatu, shafti yake huweza kufika mizunguko 100,000 kwa dakika au zaidi, huku ikielea juu ya utando wa oili. Oili chafu, oili iliyochelewa kufika, au injini iliyozimwa ghafla ikiwa ya moto, yote huiua.

Hesabu isiyodanganya

Muuzaji atasema: "Nitakuongezea shinikizo la nusu baa, basi utapata hewa mara moja na nusu." Hiyo ni nusu ya ukweli. Hewa ikibanwa hupata moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Mtu yeyote aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyounguza vidole.

Kwa joto la Vamizi la nyuzi 32 za Selsiasi, tabo nzuri ikibana hewa kwa nusu baa, hewa hiyo itatoka na joto la karibu nyuzi 90. Uzito wa hewa iingiayo utaongezeka kwa kama robo tu, si nusu. Supachaja ya Roots huipasha hewa zaidi, ikapita nyuzi 100, na faida ikawa kama sehemu moja ya tano. Tukiweka kipoza hewa kinachotumia maji ya bahari na kuishusha hewa hadi nyuzi 50, faida hupanda hadi karibu sehemu mbili za tano. Kwa hiyo kipoza hewa kina thamani kubwa, lakini nacho ni mabomba zaidi, chumvi zaidi na kutu zaidi.

Sasa chukua injini yetu ikiwa na nguvu 70 za farasi. Kwa supachaja, sehemu ya tano ni nguvu 14. Lakini kuizungusha kunataka kama nguvu 9. Sehemu ya hizo hurudi, kwa sababu hewa yenye shinikizo huisukuma pistoni inaposhuka. Kinachobaki kwa rafadha ni kama nguvu 10. Kwa tabo isiyo na kipoza, robo ya 70 ni kama nguvu 18, na kidogo hupotea kwa kizuizi cha moshi. Kwa hesabu ya mafuta na nguvu, tabo inashinda katika dizeli inayofanya kazi kwa mwendo mmoja wa saa nyingi. Chombo cha baharini hufanya kazi hivyo hasa. Kulala kwa tabo si tatizo kubwa pale nahodha anapoweka mwendo mmoja kutoka asubuhi hadi adhuhuri.

Tusijifunze kwa magari ya mashindano

Vijana wengi hutaja Safari Rally. Ni kweli Toyota Celica yenye silinda nne na tabo ilishinda mbio hizo nchini Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986. Ni kweli pia kwamba Lancia 037, yenye silinda nne na supachaja, iliipatia Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983, na mwaka 1985 kampuni hiyo ikatoa Delta S4 iliyobeba zote mbili. Lakini tukumbuke mambo mawili. Nyanda za juu za Kenya zina hewa nyepesi, na kisukuma hewa hurudisha kile ambacho mlima umenyang'anya. Vamizi iko usawa wa bahari, hakuna kilichonyang'anywa. Halafu gari la mashindano hufuatwa na kundi la makanika lenye spea za kila namna. Mashua ya mvuvi haifuatwi na mtu.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Land Rover. Mwaka 1986 kiwanda kiliiwekea tabo injini yake ya dizeli ya lita 2.5, silinda nne. Nguvu zilipanda kutoka chini kidogo ya 70 hadi 85. Wahandisi hawakufunga tabo tu wakaenda zao. Walibadili kranki, wakaweka valvu za ekzosi za madini yenye kustahimili moto, ringi bora, na kipoza oili. Hata hivyo injini za mwanzo zilipata sifa mbaya ya pistoni kupasuka na beringi kufa, na mwaka 1988 kiwanda kililazimika kuiboresha tena bloku. Kama kiwanda chenye maabara kilitaabika, je, fundi mwenye spana chini ya mkungu atajivuna kwa lipi?

Chombo chenyewe kinataka nini?

Swali hili husahauliwa, nalo ndilo la kwanza. Jahazi au mashua ya mizigo haipai juu ya maji kama boti ya plastiki. Hulima maji. Chombo cha namna hiyo kina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake kwenye maji. Kwa chombo chenye mita 12 kwenye maji, kikomo ni kama noti 8.4, yaani maili za baharini kwa saa. Ukikikaribia kikomo hicho, nguvu zaidi hutengeneza wimbi zaidi, si mwendo.

Hata kabla ya kikomo, nguvu inayotakiwa hupanda kwa haraka kuliko mwendo. Ikiwa nguvu 70 hukupa noti 7.5, nguvu 88 zitakupa kama noti 8.1 tu. Safari ya maili 30 iliyochukua saa 4 itachukua saa 3 na dakika 42. Umeokoa dakika 18.

Na mafuta? Dizeli kuukuu hula kama robo lita kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu 70 kwa saa 4 ni lita 70. Nguvu 88 kwa saa 3 na dakika 42 ni lita 81. Umenunua dakika 18 kwa lita 11, kila kwenda, na kila kurudi vilevile. Tena rafadha ya zamani haitafaa. Itabidi uibadili, na uangalie kama shafti na gia boksi zinastahimili.

Nani analipa?

Ndugu, hapa ndipo ufundi unapokutana na haki ya mfanyakazi. Katika vyombo vingi vya uvuvi vya pwani yetu, gharama za safari huondolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya mabaharia. Lita 22 za ziada za kwenda na kurudi hutolewa kabla ya mgawanyo. Maana yake, tajiri amenunua tabo, lakini baharia ndiye anayeilisha. Ikiwa mbio mpya zitaleta samaki wengi zaidi au bei nzuri sokoni, vema. Ikiwa hazitaleta, fungu la baharia limepungua ili chombo kipate sifa.

Kwa hiyo tunashauri mabaharia wadai mambo mawili kabla ya injini kuguswa. La kwanza, hesabu ya mafuta iwekwe wazi, safari kumi kabla na safari kumi baada. La pili, ikubalike mapema kwamba gharama ya mafuta ya ziada na ya matengenezo ya tabo itatoka fungu la chombo mpaka faida ionekane.

Hatua za kuamua

1. Pima injini kabla ya kuiongezea. Pima mbano wa kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, acha habari ya tabo. Angalia oili geji injini ikiwa ya moto. Angalia kama maji yanatoa mapovu, dalili ya gasketi ya hedi kuchoka. Angalia moshi unaotoka kwenye bomba la kupumulia la kranki.

2. Rudisha nguvu zilizopotea. Nozeli zilizochoka, filta iliyoziba, valvu zisizorekebishwa, ngome iliyoota konokono na mwani, rafadha yenye panga lililopinda: hizo ndizo nguvu 10 za farasi za bei rahisi kuliko zote. Chombo kikwanguliwe na kupakwa rangi kabla mtu hajafikiria tabo.

3. Hakikisha chumba cha injini kinavuta hewa baridi. Hewa ya nyuzi 50 inayozunguka chini ya sitaha huiba nguvu bila kelele.

4. Ikiwa bado nguvu zinahitajika kwa sababu ya kweli, kama kuvuta chombo kingine au kubeba mizigo dhidi ya mkondo, tafuta kwanza kama kiwanda chenyewe kilitoa injini hiyo ikiwa na tabo. Perkins walitoa T4.236. Injini kamili ya namna hiyo, hata ikiwa imetumika, ni salama kuliko kuunganisha tabo ya lori katika injini isiyoijua.

5. Supachaja ifikiriwe pale panapohitajika nguvu ya papo hapo kwa mwendo wa chini na kwa muda mfupi, na pale ambapo joto la tabo haliwezi kulindwa. Kwa injini ya petroli, ya supachaja au ya tabo, kumbuka kwamba hewa iliyobanwa huleta kugonga. Moto wa plagi urudishwe nyuma na shinikizo liwe dogo, la sivyo pistoni itatoboka.

6. Usiongeze dizeli mpaka moshi uwe mweusi. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa, na joto linaloyeyusha pistoni liko njiani. Funga geji ya joto la moshi, na anayeendesha aiangalie.

Usalama

Tabo ndani ya chombo cha mbao ni jiko. Ifunikwe, iwe mbali na ubao, nyavu na madumu ya petroli. Bomba la oili liendalo kwenye tabo liwe la chuma au la mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Oili ikidondokea upande wa moto huwaka mara moja.

Kabla ya kuzima, iache injini izunguke polepole dakika tatu hadi tano ili tabo ipoe.

Na kila baharia ajue hatari hii: sili ya tabo ikifa, oili ya injini huvutwa kwenye njia ya hewa, na dizeli hukimbia bila kushikika. Kukata mafuta hakutaisimamisha, maana inakula oili yake yenyewe. Dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kifuniko kilichoandaliwa. Kamwe usitumie mkono wala nguo. Kifuniko hicho kitundikwe karibu na injini siku tabo inapofungwa, si baadaye.

Hitimisho

Kwa dizeli kuukuu ya silinda nne katika chombo kinacholima maji, shauri letu ni hili. Kwanza, itengeneze iwe kama ilivyotoka kiwandani. Pili, kama kazi inadai zaidi, chagua tabo ya kiwanda yenye shinikizo dogo. Supachaja ni ya kazi za pekee. Na kama sababu ni kutaka kumpita jirani tu, basi iacheni injini ipumzike. Chombo kitakachofika Vamizi jioni kwa noti saba na nusu ni bora kuliko kile cha noti nane kinachosubiri kuvutwa.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Injini ya chombo chenu ina ukubwa gani kwa lita, na huvuta lita ngapi za hewa kwa dakika?
2. Pigeni hesabu ya mafuta ya safari yenu ya kawaida. Ongezeko la nguvu 18 litagharimu nini, na litatoka fungu la nani?
3. Ni nani katika chombo chenu anayejua kuisimamisha dizeli inayokimbia? Kifuniko kiko wapi?